Je, Wajua? Senti ya Mkulima Ndani ya Tangazo

Je, wajua kwamba yapo matangazo ya biashara yasiyotaja kampuni hata moja? Hayasemi nunua maziwa ya fulani. Yanasema kunywa maziwa, basi. Kula nyama ya ng'ombe, kula yai, vaa pamba. Yamekomaa zaidi Marekani, na anayeyalipia ni mkulima au mfugaji mwenyewe, kwa tozo inayokatwa kabla hajashika fedha za mauzo. Aliyewahi kuuza korosho au kahawa kupitia chama cha ushirika anaijua hali hiyo: unapewa karatasi ya malipo, macho yanakwenda kwenye makato kabla ya jumla. Huko Marekani makato haya yamezaa fani nzima ya uchumi wa kilimo, yenye vitabu, mikutano na mabishano yake. Swali lake ni moja: senti iliyokatwa inamrudia mwenyewe, au inamnenepesha mtu mwingine?

Je, wajua viwango vyenyewe? Ng'ombe, dola 1 kwa kichwa kila anapouzwa. Maziwa, senti 15 za mfugaji kwa kila pauni 100, yaani kilo 45 hivi, na wasindikaji nao wana mfuko wao wa senti 20 kwa kipimo hicho hicho. Mayai, senti 10 kwa kasha la mayai 360. Pamba, dola 1 kwa robota na nyongeza kidogo inayotegemea thamani. Soya, nusu ya asilimia 1 ya bei. Ukizitazama mojamoja ni pesa za peremende. Zikikusanywa nchi nzima ni mamia ya mamilioni ya dola kila mwaka.

Je, wajua kwamba dola ile ya ng'ombe haijaongezwa tangu sheria yake ipite mwaka 1985? Thamani yake tangu wakati huo imeporomoka hadi chini ya nusu. Ng'ombe akibadilisha mikono mara tatu kabla ya machinjio, kwa kawaida tozo inalipwa mara tatu. Na si serikali iliyowashurutisha tu: wafugaji walipiga kura mwaka 1988, na 79% wakakubali makato yawe ya lazima.

Kwa nini lazima? Kwa sababu ya wadandiaji. Tangazo la maziwa likimshawishi mama wa Chicago anunue lita moja zaidi, hajui wala hajali ng'ombe aliyekamuliwa ni wa nani. Mfugaji aliyechangia anafaidi, na asiyechangia anafaidi vilevile. Mwenye akili za biashara atakaa pembeni na kuwaacha majirani walipe. Majirani nao wana akili. Wakulima wa pamba walilionja hilo: sheria yao ya 1966 ilimruhusu mkulima kudai arudishiwe tozo yake, madai yakawa mengi, na mwaka 1990 sheria ikarekebishwa ili mlango huo ufungwe.

Je, wajua kwamba jaribio mojawapo la kwanza la kupima tangazo la zao lilifanywa kwa machungwa? Mwaka 1907 chama cha wakulima wa California, kikishirikiana na kampuni ya reli ya Southern Pacific, kilichagua jimbo moja tu, Iowa, kikalimwagia matangazo ya magazeti, mabango na treni zilizopambwa. Majimbo mengine yaliachwa kama yalivyo. Mauzo ya Iowa yalipanda sana, na mwaka uliofuata jina la Sunkist likazaliwa. Kwa lugha ya maabara, Iowa ilipewa dawa na majirani hawakupewa. Wachumi wengi waliokuja baadaye wangelipa fedha nyingi kupata data safi namna ile, maana siku hizi tangazo hurushwa nchi nzima kwa wakati mmoja na hakuna Iowa ya kulinganisha.

Florida ilichukua njia ya sheria. Mwaka 1935 bunge la jimbo liliunda Tume ya Machungwa na kuweka kodi kwa kila kasha ili kulipia matangazo.

Lakini Waingereza wa India walikuwa wametangulia. Tozo ya chai ya India ilianza mwaka 1903, tena kwa ombi la wenye mashamba wenyewe, ili kutangaza chai ndani na nje ya nchi hiyo.

Je, wajua kwamba kampeni maarufu kuliko zote za maziwa ilizaliwa kwa kuwanyima watu maziwa? Mwaka 1993 wasindikaji wa California walikubaliana kutoa senti 3 kwa kila galoni, wakaiajiri kampuni ya matangazo ya Goodby, Silverstein ya San Francisco. Watafiti waliwaomba watu kadhaa wakae wiki nzima bila maziwa, kisha waje waeleze. Walichoeleza hakikuwa habari za kalisiamu na mifupa. Kilikuwa hasira ya mtu aliyekwisha mwaga nafaka zake bakulini, anafungua friji, anakuta paketi tupu. Hapo ndipo ilipotoka kampeni ya Got Milk?. Tangazo lake la kwanza liliongozwa na Michael Bay, kabla hajawa mtu wa filamu za milipuko: mtaalamu wa historia anapigiwa simu na redio, jibu la zawadi analijua, mdomo umejaa mkate wa siagi ya karanga, na maziwa yamekwisha.

Karibu kila Mmarekani aliijua kampeni ile. Na hapa ndipo panaponoga: unywaji wa maziwa haukuacha kushuka. Mwaka 1975 Mmarekani alikunywa wastani wa kilo 112 kwa mwaka, na mwaka 2020 kilo 64. Mwananchi wa kawaida akiziona namba hizo atasema fedha zimeteketea. Mchumi atamzuia kidogo. Katika miaka hiyo soda zimeingia kila kona, maji ya chupa yamekuwa biashara, watoto wamepungua majumbani, na kifungua kinywa cha bakuli kimeanza kupotea. Swali la haki, atasema, ni maziwa yangeshuka hadi wapi bila tangazo. Harry Kaiser wa Chuo Kikuu cha Cornell amefanya hesabu hizo kwa miaka mingi, na jibu lake halijabadilika sana: yangeshuka zaidi. Nakubaliana na mantiki hiyo, ila naona pia inavyompendeza mwenye kampeni. Mauzo yakipanda, tangazo limefanya kazi. Yakishuka, limezuia yasishuke zaidi. Ni vigumu kumkamata mtu mwenye majibu mawili.

Ndiyo maana mahesabu yenyewe yanahitaji uangalifu. Wachumi huchukua takwimu za miaka mingi za bei, kipato, bei za bidhaa shindani, umri wa watu na fedha za matangazo, kisha hujaribu kutenga mchango wa kila kimoja. Mtego mkubwa umejificha kwenye tozo yenyewe. Inakatwa kwa kila kipimo kinachouzwa, kwa hiyo mauzo yakiongezeka mfuko wa matangazo unanona. Ukikuta mwaka wa matangazo mengi ndio mwaka wa mauzo mengi, usishangilie. Huenda mauzo ndiyo yaliyoleta tangazo.

Je, wajua kwamba nguvu ya tangazo la namna hii, kwa kipimo cha wachumi, ni ndogo mno? Tafiti nyingi za maziwa zinaonyesha kwamba ukiongeza matangazo kwa 1%, mauzo yanapanda kwa sehemu chache tu za mia za asilimia moja. Inaonekana kichekesho mpaka ukae chini na kalamu. Tuseme soko lina thamani ya dola bilioni 10 na matangazo yanagharimu milioni 100. Ongeza matangazo kwa 1%, umetoa dola milioni 1. Mauzo yakipanda kwa 0.03% tu, yameongezeka kwa dola milioni 3. Bado ng'ombe wale chakula na dereva alipwe, kwa hiyo si zote faida, lakini umeona jinsi kidogo kinavyoweza kutosha pale soko linapokuwa kubwa.

Tangazo pia halifi siku linaporushwa. Mwaka 1962 Marc Nerlove na Kenneth Arrow waliandika makala iliyolichukulia tangazo kama mtaji: unawekeza leo, jina jema linajengeka, kisha linachakaa taratibu usipolitia nguvu tena. Tafiti za mazao zimeishi juu ya wazo hilo hadi sasa. Arrow baadaye alipata Nobeli, ingawa si kwa machungwa.

Machungwa yalikuwa ya Nerlove. Mwaka 1961, pamoja na Frederick Waugh, alichapisha utafiti ambao kichwa chake tu kinaeleza tatizo: kutangaza bila kudhibiti uzalishaji. Kwangu mimi hii ndiyo hoja nzito kuliko zote katika fani hii, na ndiyo inayosahaulika mapema kwenye mikutano ya bodi zinazosimamia tozo hizi. Fuata mlolongo wake. Tangazo linafanya kazi, watu wanataka machungwa zaidi, bei inapanda. Mkulima anafurahi. Jirani yake anayelima kitu kingine anaiona furaha ile, anapanda michungwa. Mwingine anapanua shamba. Miaka michache baadaye miche inazaa, machungwa yanafurika, bei inarudi ilikokuwa. Mlaji anakunywa juisi nyingi kwa bei ile ile, msindikaji ana mzigo mkubwa wa kukamua, mwenye ardhi inayofaa amepandisha kodi, na mkulima anaendelea kukatwa tozo. Faida ilikuwapo kweli, ila ilidumu kwa muda ule tu ambao wengine walikuwa bado hawajapanda. Zao ambalo mtu yeyote anaweza kuliongeza msimu ujao halina faida ya kudumu ya tangazo. Zao lenye kikwazo cha ardhi, maji au miaka ya kusubiri, hilo linamlinda aliyetangulia.

Je, wajua kwamba ipo kanuni ya kuamua utumie kiasi gani kwenye matangazo? Robert Dorfman na Peter Steiner waliitoa mwaka 1954. Kwa ufupi: kadiri mlaji anavyokuwa mzito kubadilika bei inapobadilika, na kadiri anavyokuwa mwepesi kuguswa na tangazo, ndivyo sehemu ya mauzo inayofaa kwenda kwenye matangazo inavyokua. Bodi nyingi hazitumii kanuni hiyo. Zinatumia kilichokusanywa.

Sasa namba ambayo bodi huipenda. Tathmini ya Kaiser kuhusu nyama ya ng'ombe kwa miaka ya 2006 hadi 2013 ilipata kwamba kila dola 1 ya tozo ilirudisha dola 11.20 kwa wafugaji. Tathmini ya 2014 hadi 2018 ikapata 11.91. Ya 2019 hadi 2023 ikapata 13.41. Mfugaji wa Nebraska anaambiwa hivyo na anarudi zizini akiwa na maswali, na ana haki. Kama dola moja inaleta kumi na tatu, kwa nini tusitoe dola mbili? Faida kubwa namna hiyo, ikiwa ni ya kweli hata kwenye dola ya mwisho, maana yake bodi inatumia kidogo mno na inawanyima wanachama wake utajiri. Wachumi wanajibu kwamba huo ni wastani, na dola ya mwisho huleta pungufu ya dola ya kwanza. Sawa. Lakini dola ya mwisho inaleta ngapi hasa? Hiyo ndiyo namba ya kuamulia, na ndiyo isiyochapishwa kwenye vipeperushi.

Nani analipia tathmini hizo? Bodi zenyewe. Sheria ya kilimo ya 1996 inataka kila mpango wa taifa upimwe na mtu wa nje angalau mara moja kila miaka mitano, na gharama inatoka kwenye mfuko ule ule unaopimwa. Simaanishi kwamba maprofesa wananunuliwa. Wengi wao wamechapisha mbinu zao kwenye majarida ya kitaaluma ambako wenzao wanazichambua bila huruma. Nasema tu kwamba sijaona bodi ikitoa taarifa kwa vyombo vya habari yenye kichwa cha habari kwamba fedha za wanachama zimepotea.

Je, wajua kwamba tangazo la kitoweo kimoja linaweza kuwa hasara ya kitoweo kingine? Mwaka 1987 wafugaji wa nguruwe wa Marekani walianza kuinadi kitimoto kama nyama nyeupe ya pili, wakijisogeza karibu na kuku, ingawa Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo inaihesabu kuwa nyama nyekundu. Wafugaji wa ng'ombe nao mwaka 1992 wakaja na sauti nzito ya mwigizaji Robert Mitchum juu ya muziki wa Aaron Copland, wakisema chakula cha jioni ni nyama ya ng'ombe. Tumbo la mlaji ni lile lile. Mwaka 2001 Julian Alston, John Freebairn na Jennifer James walilipima jambo hili wakitumia soko la ng'ombe na nguruwe, wakaonyesha kwamba sehemu ya faida ya mmoja inatoka kwa jirani, na kwamba pande hizi mbili zikikaa meza moja na kuamua kama familia, zingetumia fedha kidogo kuliko zinavyotumia zikishindana. Kila bodi ikipimwa peke yake inaonekana imefaulu. Ukizijumlisha, baadhi ya ufaulu unafutana.

Na kuku? Kuku wa nyama hana tozo ya taifa ya matangazo nchini Marekani. Hana bodi ya serikali, hana senti ya lazima. Hata hivyo ndiye aliyempita ng'ombe kwa wingi wa ulaji, kwa bei yake nafuu, kwa nagetsi na kwa kampuni kubwa zinazouza majina yao wenyewe. Ukweli huu mmoja napenda kuwakumbusha wanaoamini kwamba bila kampeni zao watu wangekufa njaa.

Je, wajua kwamba habari mbaya, tena ya bure, ina nguvu kuliko habari njema ya kulipiwa? Henry Kinnucan wa Chuo Kikuu cha Auburn na wenzake walichapisha mwaka 1997 utafiti wa mahitaji ya nyama Marekani. Taarifa za afya, zile za lehemu na moyo, ziliyasogeza mahitaji waziwazi. Athari ya matangazo ilikuwa dhaifu, na ilibadilika kila hesabu ilipopangwa upya.

Utafiti wa Michael Wohlgenant wa 1993 ulikwenda upande mwingine. Badala ya kuuliza kama tangazo linalipa, aliuliza kama fedha hiyo hiyo ingelipa zaidi kwingine. Ikiwa utafiti unaopunguza gharama shambani utalisogeza soko kwa kiasi sawa na tangazo, mfugaji anapata zaidi kutokana na utafiti. Sababu ni kwamba tangazo linaongea na mlaji mwishoni mwa mnyororo, na kabla faida haijafika zizini inapita kwa mwenye duka, kwa msindikaji na kwa mwenye lori, na hakuna hata mmoja wao anayekaa barabarani kwa kujitolea.

Je, wajua kwamba uyoga umewahi kufika Mahakama Kuu ya Marekani? Yalianza matunda. Mwaka 1997 wauzaji wa pichi na plamu wa California walidai kwamba kulazimishwa kulipia matangazo wasiyoyataka kunavunja uhuru wao wa kusema. Wakashindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Mwaka 2001 ikaja kampuni ya uyoga ya Tennessee, United Foods. Hoja yake ilikuwa ya kibiashara kabisa: sisi tunataka mteja aamini uyoga wetu ni bora kuliko wa wengine, ninyi mnatutoza fedha za kumwambia uyoga wote ni mzuri. Ikashinda, 6 kwa 3. Bodi zote zikatetemeka.

Mwaka 2005 ikafika zamu ya ng'ombe, na mahakama ikapata njia ambayo hadi leo wanasheria wanabishana nayo. Ikasema, tena kwa 6 dhidi ya 3, kwamba matangazo yale ni kauli ya serikali, maana waziri wa kilimo ana mamlaka ya kuyapitisha au kuyakataa, na hakuna raia mwenye haki ya kukataa kuichangia kauli ya serikali yake kwa sababu tu haipendi. Jaji Antonin Scalia ndiye aliyeandika. Waliopinga walikumbusha kwamba matangazo yenyewe yalibeba maandishi yanayosema yamelipiwa na wafugaji wa ng'ombe wa Marekani. Mtazamaji aliyekaa sebuleni kwake hakuwa na namna ya kujua kwamba anayezungumza ni serikali.

Malalamiko ya kampuni ya uyoga yalikuwa na mizizi kwenye uchumi pia. Mwaka 2002 John Crespi na Stéphan Marette walionyesha kimahesabu kwamba tangazo la jumla linaweza kupunguza tofauti ambayo mlaji anaiona kati ya chapa bora na ya kawaida. Ukiambiwa kila siku kwamba yai ni yai, kwa nini ulipe zaidi kwa yai la fulani? Kwa hiyo wazalishaji wa zao moja wanaweza kulipa tozo sawa na wasipate faida sawa, na aliyetumia miaka kujenga jina lake ndiye mwenye sababu ya kulalamika.

Je, wajua kwamba serikali moja inaweza kusukuma jibini kwa mkono mmoja na kuizuia kwa mwingine? Mwaka 2010 gazeti la New York Times lilieleza jinsi Dairy Management, taasisi inayoendesha tozo ya wafugaji wa maziwa, ilivyoisaidia Domino's kutengeneza piza zenye jibini nyingi zaidi na kulipia kampeni ya dola milioni 12 ya kuzitangaza. Wizara ile ile inayoisimamia ilikuwa ikiwashauri wananchi wapunguze mafuta ya wanyama. Mauzo ya Domino's yalipanda.

Uingereza ilikutana na mgongano wa aina hiyo kwa namna ya kuchekesha. Kampeni ya mwishoni mwa miaka ya 1950 iliyowahimiza watu waende kazini wakiwa wamekula yai ilikusudiwa kurudishwa kwenye televisheni mwaka 2007, kuadhimisha miaka 50. Wakaguzi wa matangazo wakakataa: kula yai kila siku, walisema, si mlo wenye uwiano.

Je, wajua kuhusu zabibu kavu zilizoimba? Mwaka 1986 bodi ya zabibu ya California ilitengeneza wanasesere wa udongo wenye miwani na glavu, wakicheza kwa wimbo uliovuma wa Marvin Gaye. Nchi nzima ikashikwa. Zikatoka santuri, vinyago, fulana, hata kipindi maalumu cha televisheni. Vinyago viliuzika kwa wingi ajabu. Zabibu zenyewe hazikuwa na bahati ya namna hiyo kwa muda mrefu, wakulima wakaanza kugombana kuhusu tozo, na mwaka 1994 bodi ikavunjwa. Watu walikuwa wameupenda mchezo kuliko tunda.

Je, wajua kwamba matangazo ya jumla ya matunda yote pamoja yanaweza kushinda ya tunda mojamoja? Watafiti wa Cornell waliwaketisha watu maabara, wakawaonyesha matangazo katikati ya kipindi cha televisheni, kisha wakawapa nafasi ya kununua matunda na mboga kwa mnada wa fedha halisi. Walioona tangazo la kula matunda na mboga kwa ujumla walikuwa tayari kulipa zaidi. Tangazo la tunda moja halikuwa na nguvu hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011, na kila bodi ya tunda moja iliendelea na tangazo lake.

Je, wajua kwamba mapumziko ya kahawa kazini yalisukumwa na tozo? Mwaka 1952 Pan American Coffee Bureau, ofisi iliyogharamiwa na nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati zinazozalisha kahawa, iliwatangazia Wamarekani wajipe mapumziko ya kikombe. Kolombia baadaye ikaona kwamba ukitangaza kahawa kwa jumla unamlipia na Mbrazili. Ikamtengeneza Juan Valdez, mkulima wa kubuni na nyumbu wake Conchita, ikaanza kutangaza kahawa ya Kolombia peke yake.

Tanzania inayo kahawa iliyopata jina ugenini kwa njia nyingine. Wajapani wanaipenda kahawa ya Kilimanjaro, na kwa kanuni za biashara za kwao jina hilo limepewa arabika yote ya Tanzania, isipokuwa ya Bukoba. Kwa hiyo mkulima wa Mbinga au Mbeya, ambaye mlima huo huenda ameuona kwenye picha tu, anauza Kilimanjaro. Mhaya mwenye kahawa yake hauzi. Nadhani kuna mtu Kagera angependa kulijadili hili.

Afrika Mashariki iliwahi pia kuwa ndani ya mabango yenyewe. Kati ya 1926 na 1933 Uingereza ilikuwa na Empire Marketing Board, iliyowahimiza Waingereza wanunue mazao ya makoloni. Msanii Adrian Allinson alichora mabango mawili kuhusu uchukuzi wa Afrika Mashariki, moja la mtindo wa zamani na moja la mtindo mpya. Fedha zilikuwa za mlipa kodi wa Uingereza. Aliyelima hakupewa kura.

Je, wajua kwa nini tozo ya namna ya Marekani ni ngumu kwa maziwa yetu? Bodi ya Maziwa Tanzania, iliyotokana na sheria ya 2004, huadhimisha Wiki ya Maziwa kila mwaka, kilele kikiwa tarehe 1 Juni, siku ambayo FAO iliitenga mwaka 2001 kuwa ya maziwa duniani. Lakini sehemu kubwa mno ya maziwa ya nchi haipiti kiwandani. Yanatoka zizini kwa dumu, yanapanda baiskeli au bodaboda, yanaishia mlangoni kwa mteja. Utamkata nani? Ukimkata anayepeleka kiwandani peke yake, unamwadhibu aliye rasmi ili kumtangazia asiye rasmi. Wadandiaji wangekuwa wengi kuliko wenye nauli.

Embe nalo lina bodi yake Marekani, iliyoko Florida. Karibu maembe yote yanayoliwa huko yanatoka nje, kwa hiyo tozo inalipwa zaidi na waagizaji. Parachichi aina ya Hass hutozwa senti 2.5 kwa pauni, la ndani na la nje sawasawa, na sehemu kubwa ya tozo ya waagizaji inarudishwa kwa vyama vinavyotangaza parachichi la nchi lilikotoka. Ndiyo maana mwaka 2015 parachichi la Meksiko lilianza kutangazwa katikati ya Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, dakika ghali kuliko zote za televisheni ya huko.

Je, wajua kwamba hata mti wa Krismasi una tozo? Wenye mashamba ya miti ya asili, wakiona ya plastiki inawamaliza, waliomba wenyewe wakatwe senti 15 kwa mti. Wizara ikakubali Novemba 2011. Ndani ya siku moja wapinzani wa Rais Obama wakatangaza kwamba ameitoza kodi Krismasi. Mpango ukasimamishwa haraka, ukakaa kabatini hadi sheria ya kilimo ya 2014 ilipouamuru uanze. Senti zinakatwa, matangazo yanarushwa, na miti ya plastiki bado ipo madukani.